Kulala ndani ya yai la Brugge: mwongozo kamili wa kukaa katikati ya mji wa kale

Ukiitandaza ramani ya Brugge, mji wa Ubelgiji, mezani utaona yai. Mfereji mpana umeuzunguka mji wa kale pande zote, na ndani yake mna vichochoro, madaraja, makanisa ya matofali na nyumba ambazo paa zake zimepanda kama ngazi. Wenyeji wenyewe huliita eneo hilo yai. Wanaoishi humo ni watu kama 20,000 tu. Wageni wanaoingia kwa mwaka ni mamilioni, na wengi wao hawalali: wanashuka kwenye treni na mabasi saa nne asubuhi, wanajazana uwanja wa Markt na ukingo wa Rozenhoedkaai, wanapiga picha, wananunua chokoleti, na jioni wanarudi Brussels au kwenye meli zao kule bandari ya Zeebrugge.

Kinachobaki wakishaondoka ndicho kilichonifanya niandike mwongozo huu. Saa tatu usiku unasimama juu ya daraja dogo, taa za ukutani zinacheza juu ya maji, na sauti unayoisikia ni viatu vya mtu mmoja anayerudi kwake. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia, mwaka ule ule ulioingia Mji Mkongwe wa Zanzibar. Aliyewahi kulala Mji Mkongwe akatoka nje baada ya adhana ya alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa, atanielewa mara moja. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na yote yanayofuata ni namna ya kuutimiza: lala ndani ya yai, na lala usiku usiopungua mbili.

Hatua ya kwanza: chagua siku

Bei za vyumba hupanda Ijumaa na Jumamosi. Ukiweza kuingia Jumapili mchana na kutoka Jumanne au Jumatano, utalipa kidogo na kupata nafasi zaidi. Januari na Februari ni miezi ya baridi na mvua nyembamba, lakini mji ni mtulivu kupita kiasi na hoteli zinabembeleza wageni. Desemba kuna soko la Krismasi, watu wengi, bei juu.

Angalia pia siku ya Kupaa Bwana. Siku hiyo hufanyika maandamano ya Damu Takatifu, ambayo yamo katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika tangu 2009. Ni jambo zuri kuliona, ila usitegemee kupata chumba siku za mwisho.

Jingine ambalo watu wa nchi za ikweta tunalisahau ni mwanga. Mwezi wa Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na Desemba giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa Mwislamu, Isha ya Juni hukaribia usiku wa manane, basi ratiba ya kulala na kuamka ipange mapema.

Hatua ya pili: viza na karatasi

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Burundi na Rwanda wanahitaji viza ya Schengen. Ombi hupelekwa kati ya miezi sita na siku 15 kabla ya safari, na usingoje hizo siku 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000, na pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Kwa kuwa utaombwa uthibitisho wa malazi, weka nafasi inayoweza kufutwa bila gharama. Usilipe chumba kisichorudishiwa pesa kabla viza haijabandikwa.

Ukiwa na ndugu Ubelgiji, na wasomaji wengi wa Bukavu, Goma na Bujumbura wanao, anaweza kukudhamini kwa fomu inayoitwa 3bis, ambayo yeye huanza kuishughulikia katika ofisi ya manispaa yake. Hilo halikuzuii kulala Brugge siku mbili. Eleza wazi katika barua yako ya ombi utalala wapi usiku upi.

Hatua ya tatu: chagua mtaa

Hapa tukae kidogo, maana watu hupoteza pesa kwa kudhani kila kilicho ndani ya yai ni kilekile.

Karibu na viwanja vya Markt na Burg ndipo moyo wa mji. Mnara wa Belfort wenye mita 83 utakuwa juu ya kichwa chako, na kila kitu kiko hatua chache. Lakini ni ghali, na kengele za mnara hupigwa kila robo saa. Ni 47, na zina muziki wake. Mimi nazipenda, mke wangu alizipenda siku ya kwanza. Ukiwa na usingizi mwepesi, omba chumba cha uani.

Kusini, kati ya mtaa wa Katelijnestraat, Begijnhof (makao ya kale ya wanawake wacha Mungu) na ziwa dogo la Minnewater, ni kuzuri kwa anayefika kwa treni kwa sababu stesheni ni mwendo mfupi. Mchana ndiyo njia kuu ya makundi ya watalii, jioni panapoa kabisa. Mwenye watoto au mwenye mzee anayechoka haraka aanze kutafuta huku.

Magharibi, upande wa uwanja wa 't Zand na Smedenstraat, kuna maduka ya wenyeji, mikate, mboga, na bei za vyumba zilizo na huruma kidogo. Si sehemu ya picha za kadi, ila unaishi kama mtu, si kama mgeni. Jumamosi asubuhi kuna soko 't Zand.

Mtaa ninaoupenda mimi ni Sint-Anna, upande wa mashariki. Nyumba ni fupi, zilikuwa za mafundi na wafuma lesi, na watu bado wanaanika nguo na kuweka vyungu vya maua dirishani. Ukitembea mpaka mwisho unafika kwenye tuta la Kruisvest ambako vinu vinne vya upepo vimesimama juu ya majani; kimoja, Sint-Janshuismolen, kiko pale pale tangu 1770. Kutoka huku mpaka Markt ni dakika 15 kwa miguu. Wengi wanaona ni mbali. Kwangu hizo dakika 15 ndizo zilizouacha mtaa ukiwa mtaa. Sint-Gillis, kaskazini kando ya mfereji wa Langerei, una tabia hiyohiyo.

Ukiona tangazo limeandika "Brugge" na bei ya kushangaza, fungua ramani. Sint-Andries, Sint-Kruis na Assebroek ni Brugge kweli, lakini viko nje ya yai. Pa kulala pazuri pengine, ila jioni utakuwa unangojea basi wakati wenzako wanatembea.

Hatua ya nne: uliza kabla ya kulipa

Nyumba za humu ni za kale na sheria hairuhusu kuzibomoabomoa. Ndiyo sababu lifti ni chache. Safari yangu ya kwanza nilikodi chumba cha darini, picha zake zilikuwa na boriti nzuri za mbao na kidirisha kinachotazama mapaa. Nilipofungua mlango wa chini nikakuta ngazi zimesimama wima kama za kupandia mnazi, nyembamba kiasi kwamba begi la kilo 23 halikupita kwa upana. Nililifungua pale chini nikapandisha nguo mafungu matatu, nikiwa nimeshika kamba iliyowekwa badala ya reli. Mama yangu angefika pale asingepanda.

Kwa hiyo andika ujumbe kwa mwenye nyumba, kwa Kiingereza rahisi, umwulize: chumba kiko ghorofa ya ngapi, lifti ipo, choo kiko ndani ya chumba au chini ya ngazi, nani atanipa ufunguo nikifika saa mbili usiku. Kumbuka kwao ghorofa ya chini ni sifuri kama kwetu, basi "ya tatu" ni kupanda mara tatu kweli.

Uliza pia kuhusu kodi ya mji. Hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona, utadaiwa mapokezi.

Kwa nyumba za kukodi, tafuta namba ya usajili. Flanders, jimbo la Ubelgiji ambamo Brugge imo, inataka kila malazi ya watalii yasajiliwe, na mji wa Brugge umezuia kwa miaka mingi hoteli mpya na nyumba mpya za likizo ndani ya yai ili wenyeji wasihamishwe. Naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Mji wa kale ambao nyumba zake zote zimegeuzwa vyumba vya wageni hauna tena jirani wa kumsalimia. Maana yake kwako ni kwamba vyumba haviongezeki, hivyo weka nafasi miezi miwili au mitatu mapema, na nyumba isiyo na namba achana nayo.

Hatua ya tano: kufika

Ndege za Nairobi, Entebbe na Kigali zina njia ya moja kwa moja hadi Brussels. Uwanja wa ndege uko Zaventem, na stesheni ya treni iko chini ya jengo lenyewe. Nunua tiketi mpaka Brugge. Bei ya tiketi za uwanja wa ndege ina nyongeza yake, usishtuke. Itunze, kwa maana utaiskani kwenye mageti. Zipo treni za moja kwa moja zinazochukua kama saa moja na nusu. Ukiikosa, badilisha Brussels-Zuid, ambako kutoka hapo ni kama saa moja. Stesheni hiyo ina majina mawili ubaoni, Brussel-Zuid na Bruxelles-Midi, na Brugge nayo kwa Kifaransa ni Bruges. Ni kulekule.

Ukitoka stesheni ya Brugge fuata upande ulioandikwa Centrum. Markt ni dakika 20 hivi kwa miguu. Wengi hufuata umati kupitia Minnewater, na ni njia nzuri sana, ila ina mawe. Mwenye begi la magurudumu apitie bustani ya Koning Albert I hadi 't Zand, kisha Steenstraat. Ni laini zaidi. Kama unakwenda Sint-Anna, panda basi la De Lijn au teksi iliyoegesha nje. Kwenye basi unagusisha kadi ya benki kwenye mashine.

Anayekuja na gari asiliingize ndani. Mwendo humu ni kilomita 30 kwa saa, njia nyingi ni za upande mmoja, maegesho ni haba. Liache kwenye maegesho ya stesheni, ambayo bei yake ni nafuu kuliko za katikati.

Hatua ya sita: kuishi siku hizo mbili

Lugha ya hapa ni Kiholanzi kwa lafudhi ya Flanders. Ndugu zangu mnaotoka Kongo, Burundi na Rwanda, msianze kwa Kifaransa, hata kama mnajua muuzaji anakisema. Lugha ni jambo lenye historia nzito Ubelgiji. Anza na "goeiedag", malizia na "dank u", katikati tumia Kiingereza, na utapokewa vizuri.

Plagi za huku ni za matundu mawili ya mviringo. Plagi zetu za pini tatu za Tanzania na Kenya haziingii, basi beba adapta. Maji ya bomba ni salama. Jaza chupa yako, kwani mgahawani yanauzwa. Kadi inapokewa karibu kila mahali. Dharura ni 112. Vyoo vya umma hulipiwa, hivyo weka sarafu kadhaa mfukoni.

Chakula kina saa zake. Majiko mengi hufunguliwa saa sita mpaka saa nane mchana, halafu saa kumi na mbili mpaka karibu saa tatu usiku. Ukifika saa nne na njaa yako utakula chipsi tu. Chipsi zenyewe ni nzuri: vibanda viwili vya kijani vinasimama chini ya Belfort, na mvuke wake unaunusa tangu Breidelstraat. Lakini sikiliza: kwa desturi ya Ubelgiji chipsi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na huyo ng'ombe huenda hakuchinjwa kwa utaratibu wa halali. Uliza "plantaardig?", yaani ni mafuta ya mimea? Mchuzi mzito wa nyama uitwao stoofvlees hupikwa kwa bia, na baadhi ya chokoleti zina pombe ndani. Uliza kabla ya kununulia watoto. Kome wa kuchemsha kwa seleri na kitunguu ni chakula cha pwani kabisa, mtu wa Tanga hatapata shida nacho, ila vyungu vingine hutiwa mvinyo mweupe.

Soko la Jumatano asubuhi hapo Markt ni mahali pa kununua matunda, jibini na kuku wa kuokwa. Vismarkt, soko la samaki lenye nguzo la mwaka 1821, huuza samaki asubuhi katikati ya wiki mpaka Jumamosi.

Mchana, watu wakishajaa, ingia ndani. Groeningemuseum ina kazi za mchoraji Jan van Eyck. Sint-Janshospitaal ni hospitali ya karne ya 12 yenye picha za Hans Memling. Ndani ya Onze-Lieve-Vrouwekerk kuna Mama na Mtoto wa marumaru aliyechongwa na Michelangelo. Makumbusho hayafungi siku moja zote, kwa hiyo angalia siku ya kila moja kabla ya kutoka chumbani. Ngazi za Belfort ni 366, na tiketi yake ina saa; chukua ya asubuhi ya kwanza.

Boti za mfereji hufanya kazi kuanzia Machi mpaka katikati ya Novemba na safari ni nusu saa. Panda asubuhi zinapoanza, kabla foleni haijazunguka kona.

Hatua ya saba: jioni, baada ya mabasi

Toka chumbani saa mbili usiku. Anzia Burg, mbele ya jumba la mji ambalo ujenzi wake ulianza 1376. Pita chini ya upinde wa Blinde-Ezelstraat, njia ya punda kipofu, vuka daraja mpaka Vismarkt, kisha Huidenvettersplein na Rozenhoedkaai. Pale ambapo mchana ulisukumwa na vijiti vya simu, sasa kuna benchi tupu. Kaa. Mnara unaonekana mara mbili, juu na majini.

Endelea Dijver mpaka daraja dogo la Bonifacius. Wengi huapa kuwa ni la zama za kale. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Halipungukiwi uzuri kwa hilo. Gusa ukuta wa Onze-Lieve-Vrouwekerk ukipita: matofali ya udongo, madogo, yamemeng'enyuka pembeni, kama matumbawe ya kuta za Lamu yanavyomeng'enyuka kwa chumvi. Mnara wake unapita mita 110, wote wa matofali.

Usiku wa pili nenda kaskazini kwa Vlamingstraat. Hapo kuna nyumba ya Ter Beurze, iliyokuwa nyumba ya wageni ya familia ya Van der Buerse. Wafanyabiashara wa Italia na kwingineko walikuwa wakikutana mbele yake kubadilishana hawala na habari za bei, mpaka jina la familia likawa jina la kazi yenyewe: ndilo neno "bourse" analolitumia Mkongo leo akitaja soko la hisa. Wakati huo bahari ilifika karibu, kwa mkono wa maji wa Zwin uliofunguliwa na dhoruba ya 1134. Mchanga ulipoujaza, meli zikahamia Antwerpen, Brugge ikafukarika, na kwa kukosa pesa za kujenga upya nyumba za kale zikabaki. Kutoka hapo teremka Jan van Eyckplein, fuata Spiegelrei, na urudi ukitembea kando ya maji.

Ukikuta mlango mdogo ulioandikwa Godshuis, ni nyumba za sadaka zilizojengwa na matajiri na vyama vya mafundi kwa ajili ya wajane na wazee. Mchana unaweza kuingia uani, kwa mfano De Meulenaere ya 1613 kwenye Nieuwe Gentweg. Bado wazee wanaishi humo. Punguza sauti, usichungulie madirisha.

Hatua ya nane: asubuhi ya kuondoka

Lipa na ukabidhi ufunguo usiku, ili asubuhi iwe yako. Lango la Begijnhof hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Makao haya ya wanawake wacha Mungu yalianzishwa 1245, na tangu 1927 wanaishi humo watawa wa Kibenediktini. Ingia kwa daraja la Wijngaardplein. Nyumba nyeupe zimezunguka uwanja wa majani, miti mirefu imeinama kwa upepo wa bahari, na majira ya kuchipua chini yake huwa manjano kwa maua.

Usiburute begi humo, libebe. Magurudumu juu ya mawe yatawaamsha wote. Tokea mlango wa pili, upande wa Minnewater, ambapo batamaji weupe wenye shingo ndefu wanaamka. Hadithi ya mji inasema mtawala Maximilian wa Austria, aliyefungwa hapa 1488, aliwalazimisha watu wa Brugge kuwafuga milele, kwa kuwa walimwua mshauri wake Pieter Lanchals, ambaye jina lake lina maana ya shingo ndefu. Kutoka hapo mpaka stesheni ni dakika kumi, na njiani utapishana na kundi la kwanza la siku likija.